Kigezo cha Mkono wa Kikombe

Berks, Pennsylvania
8 Machi 2009

Lorna, mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mjukuu wangu Tillie, na kwamba kile kikohozi chake cha Januari kimemwacha. Mimi nipo. Goti linauma asubuhi, ikifika mchana linasahau. Harvey Sensenig, yule fundi mapipa, huniletea supu ya kuku na mahindi kila Alhamisi, kisha anakaa kunitazama mpaka nimalize. Nikisema nimeshiba ananiambia, "Kula, mzee, nisije nikalazimika kukuchongea pipa la kukuzikia." Ndivyo alivyo, unamjua.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na sikulaumu. Hata mimi ikilia nashtuka.

Mkusanyiko wa kwanza wa mwaka ni tarehe 2 Mei, kule kwenye ngome ya Bonde la Shearer. Nimeamua kwenda. Najua utashangaa nirudi mahali alipofia mwanangu Nevin. Lakini hapa mtaani watu wakiniona wanavuka barabara kwa kukosa la kusema. Kule kambini watakuja chini ya turubai langu na kuniambia, "Hapa ndipo alipokuwa akikaa," nami nitasema, "Ndiyo, hapa hapa." Miaka ishirini na mitano nilizunguka naye, ngome kwa ngome, tumevaa suruali za magotini, tunagonga bati mbele ya wageni waliolipa kuona maisha ya kale, kana kwamba mwaka ni 1758. Wageni walimuuliza yale yale kila siku. "Huo moto ni wa kweli?" Naye hakuchoka: "Shika ujue, bwana." Isitoshe, siku ya kwanza ya msimu hupigwa bunduki mara tatu kwa ajili ya waliofariki tangu msimu uliopita. Nataka niwe nimesimama pale jina lake likitajwa. Hilo tu ndilo ninalolitazamia mwaka huu.

Sasa ombi langu. Vigezo vyangu viko kwenye karakana ya Nevin, hapo kwako. Ni zile bapa za bati tunazozipanga juu ya bati jipya ili tukate umbo, zimetungwa kwenye waya mnene ukutani, karibu na dirisha. Ziko kama arobaini. Nyingine alizikata babu yangu. Nilimpa Nevin zote alipoanza kufanya kazi nyumbani kwake, nikijua mimi ndiye nitakayetangulia.

Nitashukuru kupata zote. Lakini kama ni shida, naomba moja tu, ya mkono wa kikombe. Utaitambua. Nevin alikuwa na miaka sita. Alinyanyua kikombe nilichokitengeneza, kikamponyoka, akasema, "Baba, kikombe chako kina mkono wa watu wakubwa." Nikamwambia aweke vidole vitatu juu ya bati, nikavizungushia alama, nikakata. Akachukua msumari akaandika jina lake na namba sita, herufi ya N ikitazama nyuma. Tangu siku ile vikombe vyetu vyote vina mkono ule. Umbo naweza kulinakili kutoka kikombe chochote. Ninachokitaka ni kile kibati chenyewe, chenye maandishi yake.

Nimemtumia Tillie kikombe kwa siku yake ya kuzaliwa. Ukingo haukukaa sawa. Mnisamehe, macho.

Baba mkwe wako,
Lamar


21 Machi 2009

Kwako Lamar,

Sisi ni wazima. Tillie anakwenda shule. Kikombe kimefika, anakinywea maziwa.

Unataka vigezo. Mimi pia kuna kitu ninachokitaka. Tangu Oktoba watu wananiletea keki na kunishika bega, na hakuna hata mmoja aliyenieleza kitu. Wewe ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye hema lile. Siku ya mazishi uliniambia pole, ukaniambia tena pole, ukaenda zako.

Tufanye hivi. Mimi nauliza, wewe unajibu kwa mkono wako na kuweka saini. Jibu likiniridhisha, natuma kigezo kimoja. Huo mkono wa kikombe utakuwa wa mwisho, maadamu ndio unaoupenda.

Swali la kwanza. Maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi? Usinipambie.

Mkaza mwana wako,
Lorna


27 Machi 2009

Lorna, mwanangu,

Salamu nyingi, na ahsante kwa kujibu. Nimefurahi kusikia juu ya maziwa. Hapa mvua imeanza, na ndege wamerudi kwenye mti wa jirani, wananiamsha.

Nakubali ulivyopanga. Ni haki yako kuuliza. Ningekuambia mapema, ila sikujua nianzie wapi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Mvua iliongezeka, wageni wakakimbilia chini ya turubai langu, wakasongamana. Nilikuwa nawaonyesha namna ya kutoboa matundu ya taa ya mshumaa, nimemaliza kulehemu, sikuhitaji moto tena. Nevin alikuwa na homa tangu Ijumaa, unakumbuka. Alikuja akiwa amejifunika lile blanketi la kahawia, mkono wa shati una jemu ya tufaha. Akaliinua lile jiko la makaa tunalopashia vyuma. Nikamuuliza, "Wewe, jiko langu unalipeleka wapi?"

Akasema, "Kulipumzisha, baba. Na mimi nikapumzike."

Mama mmoja mgeni akacheka, akamwambia, "Kijana anatoroka kazi." Nevin akamwinamia kama mtu wa 1758, akavua kofia, blanketi likamponyoka, akaliokota. Nami nikacheka. Kisha akaenda.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia. "Na mimi nikapumzike." Sikuyapamba.

Baba mkwe wako,
Lamar


6 Aprili 2009

Kwako Lamar,

Tuko salama. Ndani ya bahasha hii kuna kigezo cha kifuniko cha birika. Nimetimiza.

Sikujua habari ya kofia. Nimeisoma mara nyingi. Hilo halibadilishi kitu.

Swali la pili, na baada ya hili sina lingine. Nani aliyeuingiza moto ndani ya hema? Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba jiko la fundi bati haliingii ndani ya hema, hata iweje, kwa kuwa hewa ya makaa huua. Kambi nzima inajua hivyo, hata watoto wa kupiga ngoma. Sasa niambie lilifikaje mle. Nataka jina la mwenye kosa, na ueleze lote, tangu Ijumaa.

Mjane wa Nevin,
Lorna


12 Aprili 2009

Lorna, mwanangu,

Leo ni Pasaka. Natumaini Tillie amepata mayai ya kutafuta bustanini, na kwamba nawe umepata kupumua kidogo. Harvey alinichukua kwenda kanisani. Ameniazima tai, kwa sababu ya kwangu nilimvisha Nevin.

Kigezo cha kifuniko kimefika salama, ahsante. Nimekifuta kutu. Kina alama ya kidole chake kwenye rangi, upande wa kushoto.

Umeniambia nieleze lote tangu Ijumaa. Nimekaa na swali lako siku tatu. Ungeniuliza jambo lolote jingine ningelijibu upesi zaidi.

Ijumaa jioni Nevin alileta ile hita ndogo ya gesi, ile inayojizima yenyewe hewa ikiharibika. Aliificha nyuma ya sanduku la nguo kwa sababu ya homa. Jumamosi saa tatu asubuhi ulipita na karatasi yako ya ukaguzi, kutafuta vitu visivyo vya 1758. Ulikuwa mkaguzi mzuri, Lorna. Watu waliwatania wewe na wenzako kwamba mnahesabu hadi nyuzi za shati la mtu, lakini bila ninyi kambi ingekuwa imejaa viti vya plastiki. Ulifunua pazia la hema la mume wako kama ulivyofunua la kila mtu. Ulisema kwa sauti, ili jirani wasikie, "Nevin Gehret, mwaka 1758 kulikuwa na gesi?"

Naye akajibu, "Mwaka 1758 kulikuwa na mke mwenye huruma?"

Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, kisha ukasema, "Itoe. Ipeleke garini." Clyde Umholtz wa kamati ya kambi akapiga makofi, akasema, "Hapo ndipo unapomjua mwenyekiti ajaye, hampendelei hata anayelala naye." Nevin akaipeleka garini.

Baadaye nilimwambia, "Kaichukue kimya kimya, nani atajua?" Akakataa. Alisema, "Ana haki, baba. Akinipendelea mimi, kesho hatasikilizwa na mtu." Hakuwa na hasira hata chembe. Nakuapia hilo.

Saa nane akachukua jiko. Mimi nilidhani analihamisha lisidondokewe na maji ya turubai. Nilimwona akiingia nalo hemani. Nilimwona akivuta pazia na kufunga kamba. Kulikuwa na mgeni ananiuliza kama nguo zangu haziniunguzi kwa joto, nikawa namjibu. Nilisema moyoni, nikimaliza na huyu nitakwenda kumwambia alitoe. Nikamaliza na huyo, akaja mwingine. Nilikwenda saa kumi. Mashavu yake yalikuwa mekundu, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Nilimwambia, "Amka, chai tayari."

Umetaka jina la mwenye kosa. Lililo langu ni hilo la kuona na kutokwenda. Lililo lake ni kuingiza jiko, na alikuwa na homa. Lako ni kufuata sheria ambayo sote tuliipigia kura. Siwezi kuyapima lipi ni zito. Sijamwambia mtu yeyote habari ya hita. Walioisikia asubuhi ile nadhani wameisahau, au wanajifanya.

Usijitese kwa neno hili, mwanangu. Umeniuliza, nami nisingeweza kukudanganya kwa kalamu yangu.

Baba mkwe wako,
Lamar


20 Aprili 2009

Lamar,

Kwa hiyo ni mimi.

Umekaa na sentensi hiyo mdomoni miezi sita, unakunywa supu ya Harvey. Na umeiandika Pasaka.

Ndani ya bahasha kuna kigezo cha mdomo wa birika. Nimekikata vipande vinne kwa mkasi wake Nevin, ule wenye mpini uliofungwa kitambaa. Nilidhani bati ni gumu. Linakatika kama ganda la mkate.

Sasa nisikilize. Juzi tukila, Tillie aliniuliza, "Mama, kwa nini baba hakuwasha hita?" Nikamwambia ale. Akaweka kijiko chini akawa ananitazama tu. Alikuwepo asubuhi ile, alikuwa amenishika sketi. Ana miaka minane. Atauliza tena akiwa na kumi, na akiwa na kumi na tano atakuwa ameshajijibu mwenyewe. Wewe una miaka sitini na tisa. Mimi nitaishi naye nyumba moja.

Jibu lako silipokei. Andika upya. Andika kwamba wewe ndiye uliyelipeleka jiko ndani, kwa mkono wako, kwa kuwa uliona anatetemeka. Usitaje hita. Usitaje ukaguzi. Mistari kumi inatosha. Ukiandika, mkono wa kikombe utaupata kabla ya Mei 2, wenye N yake ya kutazama nyuma. Usipoandika, mkasi bado uko mezani, na Tillie humwoni tena mpaka kufa kwako.

Mama Tillie


25 Aprili 2009

Lorna, mwanangu,

Natumaini mko wazima. Nimeandika ulivyotaka, kwenye karatasi ya peke yake, ili uweze kuitenga na hii.

"Mimi, Lamar Gehret, fundi bati, nasema kwamba tarehe 25 Oktoba 2008, katika kambi ya ngome ya Bonde la Shearer, mwanangu Nevin alikuwa na homa na baridi. Nililichukua jiko langu la makaa likiwa na moto, nikaliingiza ndani ya hema lake kwa mkono wangu, nikafunga pazia ili joto lisitoke. Nilijua haifai. Nevin alikuwa amelala, hakujua. Hakuna mtu mwingine aliyehusika wala aliyeshauri. Kosa ni langu peke yangu."

Nimeweka saini na tarehe.

Nitasubiri kigezo. Gari nimeshalipakia, turubai limekauka. Harvey anasema tutaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kwamba nikichelewa ataniviringisha mpaka kule kama pipa.

Baba mkwe wako,
Lamar


19 Mei 2009

Kwako Lamar,

Nasikia ulifika getini. Clyde ameniambia. Ni mimi niliyeipeleka barua yako kwa kamati, na ilisomwa mbele ya wote Ijumaa jioni kabla ya mkusanyiko. Kamati imeandikia mikusanyiko mingine yote kuanzia hapa hadi Virginia. Hakuna atakayekupokea. Nadhani umeshajua.

Kuhusu mkono wa kikombe. Nyumba nimeiuza, mwisho wa mwezi tunahamia kwa dada yangu Ohio. Karakana niliisafisha tangu Februari. Mtu wa chuma chakavu alikuja na lori akabeba kila kitu kilichokuwa ukutani, pamoja na ule waya wako na vyote vilivyokuwa juu yake. Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla ya barua yako ya kwanza. Vilibaki viwili tu, vilivyokuwa vimeanguka nyuma ya meza. Kifuniko na mdomo. Vyote umeshavipata.

Ningeweza kukuambia hivyo tangu Machi. Sikutaka.

Tillie nimemsomea barua yako. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Babu ndiye aliyefanya?" Nikamwambia, umesikia mwenyewe. Akachukua kikombe chake akakiweka chini ya gurudumu la gari nilipokuwa nalirudisha nyuma. Sikumtuma. Amesema kirudishwe kwako, basi nakirudisha.

Anwani yetu mpya sitakupa. Barua za hapa zitafika hadi katikati ya Juni.

Mama Tillie


10 Juni 2009

Lorna, mwanangu,

Natumaini kuhama hakujawachosha sana, na kwamba barua hii inawahi kabla ya katikati ya Juni. Mimi sijambo. Goti ni lile lile.

Sikuandiki kukugombeza. Nilitaka tu ujue siku ile ilikuwaje, kwa kuwa umeipata kwa Clyde, na Clyde huwa anafupisha.

Tulifika getini saa mbili kasoro. Nilikuwa nimeshavaa kila kitu, hadi viatu vya kifungo cha shaba. Clyde alikuja dirishani, hakunitazama usoni, alitazama usukani. Akasema, "Lamar, geuza gari."

Nikasema, "Nigeuze niende wapi? Nafasi yangu ni ile ya kando ya mhunzi."

Akasema, "Tumesoma barua yako."

Harvey akashuka upande wa pili. "Barua gani? Lamar hajui hata kuandika orodha ya sokoni." Clyde akamtolea. Harvey aliisoma amesimama barabarani, magari yanapiga honi nyuma yetu. Akaniuliza, "Ni kweli hii?"

Nikasema, "Ni saini yangu."

"Sijakuuliza saini, mzee. Nakuuliza ni kweli?"

Nami nikatazama usukani. Harvey tumejuana miaka arobaini. Akaikunja karatasi, akamrudishia Clyde, akachukua sanduku lake la vyombo nyuma ya gari langu, akaingia kambini kwa miguu. Tangu siku hiyo hajaja. Alhamisi sasa napika mwenyewe.

Sikurudi nyumbani mara moja. Nilikwenda kusimama kwenye uwanja wa kuegesha magari, nyuma ya mabasi ya shule, kwa sababu nilitaka kusikia zile bunduki. Ile kofia yenye pembe tatu niliivua nikaishika mkononi. Nilisikia ngoma, kisha mtu akisoma majina, lakini upepo ulikuwa unavuma kwenda upande mwingine, sikulisikia lake. Nilihesabu. Nadhani lilikuwa la nne. Bunduki zikapigwa mara tatu. Baba mmoja mgeni alikuwa anashusha kigari cha mtoto, akaniuliza, "Mzee, hizo nguo hazikuunguzi kwa joto?" Nikamwambia mtu huzizoea.

Nimesoma habari ya lori la chuma chakavu. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nilikwenda kwenye uwanja wao wa chakavu, nikamwomba mwenyewe anionyeshe bati la Februari. Alikuwa mtu mwema. Akaniambia, "Babu, bati la Februari sasa hivi ni gari la mtu."

Usifikiri niliandika karatasi ile kwa ajili ya kigezo peke yake. Nusu ilikuwa kigezo, siwezi kukataa. Nusu nyingine ni kile kijiko ulichosema Tillie alikiweka chini. Nilimwona kama nilikuwepo. Nilisema moyoni, mtoto amepoteza mmoja, asije akapoteza wa pili huku bado anaishi naye. Babu si lazima awe mzuri. Watoto wengi wana babu wabaya na wanakua vizuri tu. Kwa hiyo iweke karatasi ile. Akikuuliza akiwa na kumi, msomee. Akiwa na kumi na tano, mpe aisome mwenyewe. Mtu akija kuniuliza nitasema hivyo hivyo. Na ile barua yangu ya Pasaka naomba uichome, isije ikamwangukia siku moja akitafuta kitu kwenye makabati.

Kikombe kimefika. Nilikigonga kwa nyundo ya mti siku mbili, ubavu ukarudi mviringo, lakini ule mkunjo wa gurudumu umebaki na maji yanavujia hapo. Mkono wenyewe haukuumia. Umebanwa tu kidogo, na vidole vitatu bado vinaingia. Nimekiweka dirishani. Jiko nililivunja siku ile ile ya Oktoba, nadhani hukuwahi kuambiwa. Sijawasha moto wa makaa tena. Kikombe cha Tillie nilikilehemu juu ya jiko la gesi la jikoni, ndiyo maana ukingo haukukaa sawa.

Wewe uliwahi kuniita Baba. Mara ya kwanza ilikuwa pale pale Bonde la Shearer, mlikuwa bado hamjaoana, ulitaka nikuzibie ndoo. Ulisema, "Baba, inavuja," kisha ukaona haya, Nevin akakucheka hadi akakaa chini. Nilizungumza na mama yake Nevin siku hiyo, alikuwa bado hai, nikamwambia tumepata mtoto wa kike.

Sina swali na sihitaji jibu. Ohio kuna baridi kuliko huku, mfungie Tillie madirisha, lakini acha moja wazi kidogo.

Mkiwa mahali mkanywa maji kwa kikombe cha bati, hata cha mtu mwingine, nikumbukeni.

Baba,
Lamar